Kapu la Mama Sindano

Fundi cherehani wa mtaani kwetu, tunayemwita Mama Sindano, hushinda ameketi mwaka mzima, na magoti yake yanamsumbua. Kila wikendi ndefu sisi majirani hupanda kilima kwa mazoezi, naye huachwa nyuma mpaka akate tamaa, arudi nyumbani peke yake. Safari hii aliapa atafika juu.

Jumamosi asubuhi alitokea na kapu kichwani, limejaa kuku wa kukaanga na viazi vya moto.

"Dada, nikusaidie?" nikamwuliza.

"Wewe una mtoto mgongoni. Chakula niachie mimi."

Jirani yetu muuza mboga, mwepesi kuliko sote, alichomoka kama kawaida yake. Hatujafika mbali, tukamwona anarudi.

"Vipi, umechoka?" Mama Sindano akamchokoza.

"Nitangulie huko juu nikale mawe?"

Basi sote tukafuata kapu kwa mwendo wa kinyonga, tukipiga soga na kucheka hadi kileleni. Mama Sindano akaketi, akanyoosha magoti, akafunua kapu taratibu.

"Leo mmejikokota jamani," akasema, huku akimpoozea mwanangu kiazi.