Wimbi wa Karantina

Juzi madam ninayemfanyia kazi alinituma dukani hapa mtaani Sulimaniyah nimtafutie nafaka ambayo mtu wa lishe alimwambia ale. Nikapita kwenye rafu ya vyakula vya afya, nikaona pakiti ndogo yenye maandishi ya Kizungu, iliyofungwa Ulaya, na ndani yake punje nyekundu, ndogo kama vichwa vya pini. Wimbi. Nilisimama pale mpaka dereva akapiga simu kuuliza kama nimepotea.

Hebu nikusimulie, rafiki yangu. Mimi nililelewa Karantina, kule kusini mwa Jeddah, na nyanya yangu, mwanamke wa Mumias, Kenya, aliyekuja kuhiji akabaki. Tulikuwa na vyumba viwili na chumba kidogo cha nyuma, na riziki yetu ilitoka kwenye wimbi. Mfanyabiashara Mhabeshi alimletea nyanya magunia kutoka ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Nyanya aliosha, akaanika darini juu ya mashuka, akakaanga kidogo kwenye sufuria pana, kisha akasaga. Harufu ile iliingia kwenye nguo zetu, watoto wenzangu wakaniita mtoto wa uji. Ijumaa walikuja akina dada wa Kenya waliofanya kazi za nyumbani, wale waliopewa ruhusa ya kutoka. Walikunywa uji wa moto wenye ndimu.

Mwaka mmoja alipita kwetu jamaa wa nyumbani aliyekuwa amekuja umra. Huko Ulaya alikoishi alikuwa na kibanda cha nafaka katika soko la vyakula, akiwauzia watu wa kwetu na Wazungu wasioweza kula ngano. Shida yake ilikuwa mchanga. Wimbi aliopata haukukosa mchanga. Alikunywa uji wetu polepole, akiusikiliza kwa meno, asisikie kitu. Akaagiza magunia kumi ya punje nzima, akasema ukipendwa ataagiza tena na tena. Nyanya akaniambia kwamba biashara hiyo ndiyo itakayoniingiza shule.

Siri ya nyanya ilikuwa maji. Kila beseni lilioshwa mara saba: unakoroga, unatulia, unamimina, punje zinaondoka na maji, jiwe linabaki chini. "Jiwe halina haraka," alikuwa akisema, "maji ya saba ndiyo yanayolifichua." Tulifanya kazi wanne: nyanya, jirani wa chini, mimi, na dada mmoja wa Kisii aliyetoroka kwa kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, bila pasipoti, nyanya akampa kile chumba cha nyuma. Maji ya saba yalikuwa yangu, kwa sababu macho yangu yalikuwa bado mapya.

Alasiri ya siku ya mwisho, wasichana walikuwa wakiruka kamba kichochoroni. Mabeseni matatu yalikuwa yamebaki. Niliyamwaga kwenye mashuka bila maji ya saba, nikakimbilia kamba.

Wiki kadhaa baadaye simu ikaja. Mama mmoja mzee alikuwa amevunjika jino, na wateja wengine wamerudisha pakiti zao. Yule jamaa aliongea kwa adabu, lakini ilikuwa halas, biashara imekwisha. Nyanya alikaa na simu mapajani. Jirani akatazama chumba cha nyuma, akasema, tena bila kupunguza sauti, kwamba aliyekimbia kazi ya watu hawezi kutegemewa kwa kazi nyingine. Dada hakujitetea. Wiki ileile alifunga nguo zake. Nyanya alimsihi abaki, naye akajibu kwamba hataki kuleta maneno nyumbani mwa mtu aliyemsitiri. Akaenda mtaa wa Bani Malik, kwenye chumba kilichojaa wanawake wengine.

Nilinyamaza siku tisa. Siku ya kumi, nyanya akiwa anakaanga, nikamwambia. Aliendelea kukoroga mpaka wimbi ukaiva, maana ungeungua. Kisha akazima gesi, akanawa, akavaa abaya.

"Vaa viatu," akasema. "Maneno haya si mimi wa kuyapokea."

Tulipanda teksi ya kuchangia. Dada alifungua mlango mikono ikiwa na povu la sabuni, nami nikasema yote pale pale kwenye ngazi.

"Nilijua," dada akasema. "Nilikuona kutoka dirishani ukiruka kamba, kazi ikiwa haijaisha."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema mimi, nani angeniamini? Ilibidi useme wewe."

Hapo nyanya, na umri wake wote, akamshika mikono ileile yenye povu akamwomba radhi. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akimwomba radhi aliye mdogo kwake. Ijumaa iliyofuata dada alirudi. Jirani alimpelekea sahani ya mahamri, akaiweka mlangoni bila neno, na kwa jinsi tulivyoishi pale, hilo lilikuwa neno kubwa.

Mtu wa Ulaya hakurudi. Shule nikaingia miaka miwili baadaye, kwa kikombe kimoja kimoja cha uji. Dada alipata karatasi za kurudi Kenya. Simu yake ikaita mwaka mmoja, kisha ikawa haiiti. Jirani alihama bila kuaga. Nyanya alipougua alitaka kwao, na huko Mumias ndiko alikozikwa, mimi nikiwa huku nasubiri ikama, kibali cha ukaazi.

Mwaka jana familia ninayoifanyia kazi ilikwenda Jeddah, nikamwomba dereva anipitishe Karantina. Mtaa wetu ulikuwa umebomolewa. Kulikuwa na uwanja mtupu na uzio wa mabati, na sikuweza kujua kifusi chetu kilikuwa kipi. Upepo ulikuwa na unyevu na chumvi kama zamani. Nilishuka, nikasimama karibu na mabati, nikayataja majina yao matatu, la nyanya, la dada na la jirani, kwa sauti ndogo, kwa sababu pale hapakuwa na mtu mwingine anayeyajua.