Milimita Kumi na Nane za Mama Milimita

Saa moja asubuhi, Mama Milimita amepiga magoti juu ya jukwaa la chuma, anapima pengo kati ya vipande viwili vya bomba la mvuke. Anapima mara tatu, kisha anamgeukia msimamizi wake.

"Njoo upime mwenyewe. Sichomelei mpaka uandike ulichokiona."

Msimamizi ananuna, lakini anainama.

Fundi bomba huyu wa miaka hamsini na mbili hakuwa mkali hivi. Ukali ulimwingia mwaka juzi, pampu ya kiwanda ilipopasuka shingo.

Bomba likipata moto hurefuka na kuisukuma pampu. Ili kupunguza msukumo huo, mafundi hulikata fupi kidogo, hulivuta kwa winchi, mashine ya kuvutia vitu vizito, likiwa baridi, ndipo hulichomelea. Mchoro ulitaka wavute milimita thelathini. Walipata kumi na nane, vishikizo vya bomba viligoma kusogea zaidi.

"Nilimpigia mhandisi. Akasema, 'Mama, chomelea tu, mahesabu yanakubali.' Mahesabu gani? Alishahesabu thelathini zote akiwa kitini!"

Miezi minne baadaye shingo ya pampu ilipasuka, mvuke ukambabua mdogo wa Mama Milimita wa tumbo moja, fundi mwenzake, mikono yote miwili. Hadi leo mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Ripoti ikaandika: uzembe wa mafundi.

"Ndugu yangu yuko wodini, wao wananipaka matope!"

Siku mbili aliganda mlangoni kwa meneja akidai kiungo kipimwe upya, mpaka bomba likakatwa baridi mbele ya wote. Pengo lilifunguka milimita kumi na nane, zilezile walizovuta.

Mtaalamu mkongwe wa mahesabu, aliyeitwa kutoka nje, akawaeleza: hata bomba likivutwa vizuri, katika kukadiria nguvu inayoifikia pampu, kanuni huruhusu kuhesabu theluthi mbili tu ya nafuu ya kulivuta, kwa kuwa mvuto kamili haupatikani kazini. Na kwenye uchovu wa chuma kinachopata moto na kupoa kila siku, nafuu hiyo haihesabiwi kabisa.

"Kumbe kanuni ipo!" anafoka Mama Milimita. "Imeandikwa! Aliiruka tu."

Ripoti ilifutwa. Radhi hakuombwa mtu. Mhandisi alihamishiwa ofisi yenye kiyoyozi.

Mwezi ujao fundi huyu anaanza kufundisha chuo cha ufundi, Jumamosi kwa Jumamosi. Ameomba darasa la wahandisi.

"Siku ya kwanza hakuna kalamu. Watavuta bomba kwa winchi mpaka jasho liwatoke. Wakishindwa milimita ya mwisho, ndipo tutakaa chini tuhesabu."