Suruali Tatu Nyeusi

Ndugu zangu, nashukuru kupewa nafasi hii ya kutoa ushuhuda. Watoto msiwatoe nje, na wao wasikie. Nitataja choo na nitataja damu, na aliyeniruhusu ni mama mkwe wangu, yule aliyekaa kiti cha mbele.

Wengi mnanijua. Mimi ni Baba Neema, fundi cherehani, kibanda changu kiko Nangara. Kwetu ni Mbulu, lakini Babati nimekaa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa mzima kabisa. Wiki nzima nashona, Jumamosi naenda Singe kwenye mahindi na mbaazi zangu, na nilikuwa najisifu kwamba kitanda cha hospitali nakiona kwa wenzangu tu.

Kisha damu ikaanza kutoka nikienda haja kubwa. Nikasema ni bawasiri. Sisi mafundi tunashinda tumekaa, kwa hiyo likitokea jambo huko nyuma tunalaumu kiti. Nikabadilisha kiti, nikaongeza mto. Nikanywa dawa ya mizizi kutoka sokoni, chungu ajabu. Damu haikukoma. Ikaja na ute, nikawa natoka chooni najisikia kama sijamaliza, na nikikanyaga cherehani kidogo tu moyo unaenda mbio.

Unajua nilifanya nini? Nilijishonea suruali tatu nyeusi, ili damu ikivuja isionekane. Nilijificha ndani ya suruali hizo karibu mwaka mzima.

Mke wangu ndiye aliyegundua, siku alipoziloweka na maji ya beseni yakawa mekundu. Hakupiga kelele. Aliniambia nijiandae twende hospitali, na mimi nilivyo mbishi, siku hiyo sikubisha, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa.

Tulipokelewa na daktari kijana, wa umri wa Neema wangu. Alinipima kwa kidole. Jamani, niliona aibu mpaka nikafumba macho. Akasema hata kama bawasiri ipo, mtu anayetoka damu muda mrefu hivi lazima utumbo uangaliwe wote kwa kamera. Daktari bingwa akaniangalia, akakuta kinyama kwenye utumbo mpana, kikubwa kama pera. Alinieleza kwamba vinyama hivi huota taratibu, na vingine hugeuka kuwa saratani. Kwa ukubwa ule aliona nipasuliwe, kipande cha utumbo kikatwe, na huenda ningewekewa mfuko wa choo tumboni. Nililia. Nilijiona nimekaa kwenye cherehani na mfuko wangu, na wateja wanapita upande wa pili wa barabara.

Yule kijana hakutaka tukimbilie kisu. Alichukua picha za kamera akazituma Arusha, kwa mwenzake ambaye kazi yake ni kuondoa vinyama vikubwa kwa kamera hiyohiyo, bila kupasua tumbo. Jibu likarudi kwamba hakionekani kuwa saratani bado, nisikatwe, nipelekwe haraka. Nikapewa barua ya rufaa na maagizo. Siku mbili nile chakula laini, maharage nisiguse. Siku ya mwisho nisile kitu, ninywe dawa ya kusafisha tumbo yote. Utumbo ukiwa mchafu, kazi haifanyiki.

Hapo ndipo nilipoharibu. Arusha nilifikia kwa shemeji yangu, na mama mkwe anaishi hapohapo. Heshima ya mkwe kwetu mnaijua. Ningemwambiaje kwamba naenda kuingizwa kamera nyuma? Nikasema nimefuata vitambaa. Akafurahi, akanipikia makande, akakaa anitazame nikila. Utakataaje? Nikala, akaongeza, nikala tena. Dawa nikanywa nusu tu, maana njia ya chooni ilipita mbele yake na niliona vibaya kupita mbio machoni pake mara kumi.

Kesho yake daktari aliingiza kamera, akaangalia kidogo, akaitoa.

"Mzee, hapa naona maharage tu," akasema.

Hakucheka. Alinipangia tarehe nyingine moja, na akaniambia wazi kwamba nikija tena hivyo nafasi itaenda kwa mgonjwa mwingine, na kinyama chenyewe hakitanisubiri.

Nilirudi nikakaa uani. Mama mkwe akaja kuuliza vitambaa viko wapi. Nikashindwa kudanganya tena, nikasema yote huku naangalia chini. Akaketi kando yangu. Marehemu mume wake, sisi tuliambiwa alikufa kwa vidonda vya tumbo.

"Baba Neema," akasema, "mkweo alitoka damu hivyohivyo miaka miwili. Aliniambia siku ambayo hawezi tena kusimama. Alituheshimu mpaka kaburini. Wewe usiniheshimu hivyo."

Tangu hapo alinishika kama mtoto mchanga. Alinipa uji mwepesi, na siku ya mwisho maji na chai ya rangi peke yake. Dawa alinimiminia mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, mpaka jagi likaisha. Kila nikitoka chooni ananiuliza imetoka rangi gani, na mimi namjibu. Yalipotoka maji matupu, akasema sasa twende.

Nilichomwa sindano ya usingizi. Kinyama kikainuliwa kwa maji ya dawa yaliyodungwa chini yake, kikakatwa, vipande vikatolewa. Nilipozinduka nilipapasa tumbo. Hakuna mshono, hakuna mfuko. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka nesi akaniomba nipunguze. Majibu ya maabara yalisema kilikuwa kimeanza kubadilika, lakini saratani haikuwepo. Miezi sita baadaye waliangalia tena, wakakuta pasafi.

Namshukuru mke wangu kwa beseni lile. Namshukuru daktari kijana, ambaye angeweza kunyamaza. Na wewe mama, asante, sina la kuongeza. Wenzangu, damu usiipe jina wewe, mwache daktari aipe. Ukiambiwa una kinyama kikubwa, uliza kwanza kama yupo anayeweza kukiondoa kwa kamera, na picha zako zitumwe kwake. Na anayekupikia mwambie ukweli.

Mwezi uliopita alikuja mteja wangu wa siku nyingi, simtaji. Tangu nimjue anavaa kaki. Safari hii kaleta kitambaa cheusi, anataka suruali mbili kwa mpigo. Niliweka futi mezani, nikamvutia kiti chenye mto.

"Damu imeanza lini?" nikamuuliza.

Aliangalia barabarani kwanza. Kisha akasema, tangu Pasaka.

Sikumpima kiuno. Nilifunga kibanda, tukaenda wote kwa yule daktari kijana.