Mtumbwi Nyuma ya Bibi Kolumba

Kuna siku moja huwa inanirudia, mwanangu, hasa nikisikia ninyi vijana mnabishana kamera ipi ni kali kuliko ipi. Nilikuwa Kihagara, kule chini ziwani, siku ya kipaimara. Nilikuwa bado binti. Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha hapa Mbinga mjini, ndiye aliyenifundisha kazi, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuteremka Nyasa peke yangu na kamera begani. Kwenu ni jambo dogo. Siku zile binti mwenye kamera akipita sokoni, watu waliacha kupima maharage wamtazame. Na mimi, nisikufiche, nilipenda kutazamwa.

Kamera yenyewe ilikuwa ya filamu, nzito kama tofali, na mfuko wake wa ngozi ulinukia jasho la mjomba. Ulikuwa unazungusha lenzi taratibu, sura ya mtu inakuja, inakuja, mpaka vidole vyenyewe vinakwambia hapo hapo. Ukibonyeza inalia mara moja, halafu basi. Hujui umepata nini mpaka urudi Mbinga, uingie chumba cha giza, utikise karatasi kwenye dawa, na uso wa mtu uanze kujitokeza kidogo kidogo, kwanza nyusi, kisha macho. Ah, mwanangu! Hicho nakitamani mpaka leo. Nakitamani kuliko ninavyoutamani ujana wenyewe.

Basi, watoto wa kipaimara niliwapiga wote, na wasimamizi wao, na kwaya. Mchana ukawa umekwenda na filamu imebaki picha moja tu. Hiyo nilikuwa nimejiwekea. Nilitaka kulipiga ziwa, maji yakiwa yametulia na milima ya ng'ambo ikionekana kwa mbali, tuikuze picha tuiweke kwenye dirisha la studio, kila apitaye aulize nani kaipiga.

Nikashuka ufukweni. Nilikuta bibi mmoja anageuza usipa juu ya kichanja, wale dagaa wetu wa ziwani. Nikamsalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha? Nipige na mimi basi. Mwanangu Erasto yuko Malawi miaka mingi sasa, hata kuhesabu nimeacha. Ikiwa tayari nitawapa wanaovuka na mizigo wamfikishie."

Aliitwa Bibi Kolumba. Nilitazama ziwa, nikamtazama yeye, roho ikaniuma kwa ile picha yangu ya dirishani. Lakini mtu mzima akikuomba hivyo utamjibu nini? Nikamwambia sawa, ila anawe mikono, avae kitenge kizuri, twende pale kanisani kwenye maua.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Erasto akiniona katikati ya maua si atadhani nimekufa? Nipige hapa hapa."

Akasimama kando ya kichanja, magamba ya samaki yamemng'ang'ania mikononi. Nikachungulia kwenye kamera. Nyuma yake kulikuwa na mtumbwi uliopinduliwa kifudifudi, umefunikwa nyasi, umezungushwa kamba, na kuku amejilaza kivulini mwake. Nikaona huo uchafu utaniharibia picha. Nikasogea kushoto ili usionekane. Bibi naye akasogea. Nikahamia kulia. Akahama nami, mtumbwi ukarudi nyuma yake.

"Bibi," nikasema, nimeanza kuchoka, "huo mtumbwi unaharibu picha."

Akaacha kutabasamu. Akanijia polepole mpaka tukawa tunatazamana uso kwa uso.

"Picha ni ya nani, mwanangu?"

"Ni yako, bibi."

"Na atakayeitazama ni nani?"

"Mwanao."

"Sasa mbona unataka kupiga ya kwako? Huo mtumbwi ni wa Erasto. Aliuchonga na baba yake. Kila nyasi zikichakaa naufunika nyingine, jua lisije likaupasua. Upige wote, mpaka ncha yake. Na kuku kama anataka, mwache."

Nilipiga nimenuna. Nilirudi Mbinga, nikaisafisha ile filamu, nikaona ndivyo nilivyodhani: bibi mdogo upande mmoja, lundo la nyasi upande wa pili. Nikagonga muhuri wa studio nyuma ya picha, nikampa dereva wa lori lililokuwa linateremka ziwani, nikasahau.

Msimu wa kahawa uliofuata, mji umejaa watu na magunia, akaingia studio mwanaume mrefu, koti limefifia mabegani. Hakutaka kukaa. Alitoa ile picha mfukoni, imelainika kwa kushikwashikwa, akaigeuza kunionyesha muhuri wetu.

"Ni wewe uliyempiga mama yangu?"

Nikaitikia. Nilidhani amekuja kulalamika.

"Mimi Erasto. Niliondoka nyumbani nimegombana na baba. Baba akafa, habari zikanifikia ameshazikwa. Tangu hapo nilijiambia, sina uso wa kurudi. Mama alinitumia watu, alinitumia salamu, nikawa nadhani ananiita kwa sababu ni mama tu, moyoni hanitaki." Akaweka kidole kwenye picha, pale pale nilipopachukia mimi. "Nilipoona nyasi mpya juu ya mtumbwi wangu, kamba zimekazwa vizuri, nilikaa chini. Baba hayupo. Nani mwingine angeutunza? Nikavuka."

Mwanangu, niliitazama upya ile picha. Nilimkaribisha chai, akakataa kwa adabu, akaniomba kitu kimoja: Noeli niteremke Kihagara niwapige wote wawili. Niliteremka. Safari hii Bibi Kolumba alivaa kitenge chake, na alimshika Erasto mkono kwa nguvu kana kwamba maji yatamchukua tena. Nikauliza, na mtumbwi? Akaninyooshea kidole ziwani. Ulikuwa kule mbali, vijana wa jirani wameutoa kuvua.

Sasa wote wamelala kule kwenye mchanga wa Kihagara, yeye na mwanawe. Studio ya mjomba ni duka la simu. Wakati mwingine nikipita pale nasimama kidogo, vijana wananiuliza, bibi, unataka vocha? Nawaambia hapana, napumzika tu.

Na mimi nina wa kwangu aliye mbali, binti yangu Gaudensia, yuko Dar es Salaam. Ananitumia picha kila mara, nzuri sana, anang'aa. Lakini nyuma yake kila siku ni ukuta wa hoteli, au maua ya harusi ya watu. Naikuza ile picha kwa vidole, natafuta. Analala wapi? Anapikia nini? Mlango wake una rangi gani? Sioni. Nilimwambia, nipigie picha ya nyumbani kwako, mama yako nipaone. Akanijibu, "Subiri mama, bado hakujapendeza, nikinunua makochi nitakutumia." Basi nasubiri makochi. Mwaka jana nilisubiri, na mwaka huu nasubiri.

Ndiyo maana nakwambia haya, wewe unayependa kamera. Ipende. Hata hizo za zamani zipende, zifute vumbi, uzijue kwa vidole. Ni raha ambayo haijawahi kunichosha. Lakini kabla hujabonyeza, jiulize ni nani atakayeitazama hiyo picha siku akikukumbuka, au akimkumbuka huyo uliyemsimamisha hapo. Mpe huyo anachokitafuta. Usimwondolee jiko lenye masizi wala ndala zilizokatika pale mlangoni, huenda ndizo atakazozikodolea macho. Mtu akikwambia nipige hapa, uliza kwa nini kabla ya kumhamisha. Na kama uko mbali na wazazi, usingoje kwako kupendeze. Piga chumba kilivyo, kitanda hakijatandikwa, sufuria sakafuni, utume leo. Kuna mtu amekaa anaikuza kwa vidole picha yako ya harusini akitafuta mlango wako.

Mungu akupe macho ya huruma, mwanangu, na mkono usiotetemeka. Akujalie watu wa kuwapenda, na siku nyingi za kuwatazama wakiwa bado mbele yako. Na ukiwa njiani, akufikishe kwa wanaokungoja.