Jina Nililolitia Kwenye Santuri

Nakumbuka siku ile, mwanangu, mzee mmoja alipobisha mlango wa chumba changu kwenye nyumba za reli, hapa Nakuru, akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Viatu vyake vilijaa vumbi la Subukia. Nilimkaribisha kwa bashasha, maana wakati huo wageni walinijia kila wiki kunipongeza na kichwa changu kilikuwa kimevimba. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akafungua gazeti, akatoa santuri ya bendi yetu.

"Wewe ndio uliandika maneno ya hii wimbo?"

"Ndio mimi, mzee," nikasema, nikitabasamu kama mjinga.

"Mimi ni babake Filomena. Nimekuja umtoe mtoto yangu humu ndani."

Ngoja nirudi nyuma kidogo, ndipo utaelewa. Mimi sikujaliwa sauti. Nikiimba, hata kuku huondoka. Lakini maneno nilikuwa nayo, na enzi hizo bendi yenye magita mawili na mtu wa maneno ilihesabiwa kuwa bendi kamili. Nilitunga wimbo wa wachuma pareto, nikatunga wa treni ya Kisumu, nikatunga wa bibi harusi aliyekataa kushuka garini. Mwimbaji wetu Zakayo alizipeleka nyimbo hizo Nairobi kurekodiwa, nami nikafuatana naye. Yeye alijulikana kila mahali. Mimi nilijulikana na wachache waliosoma maandishi madogo katikati ya santuri.

Sasa Zakayo akaachwa na mpenzi wake, Rosa. Akanijia na tuni tayari kwenye gita, akataka maneno ya kumchoma. Tabu ikawa jina. Tuni ilidai jina lenye mapigo manne, na Rosa ana mawili tu. Kila tulipoliweka lilining'inia. Tulihangaika siku mbili. Ndipo nikakumbuka harusi moja niliyokwenda Subukia, nikalala kwa katekista, na binti yake aliyetunawisha mikono aliitwa Filomena. Fi-lo-me-na. Likakaa barabara. Subukia nayo ikakaa:

*Filomena wa Subukia,*
*umekula umeshiba,*
*sahani waipiga teke.*

Binti yule hakunikosea kitu. Sikumjua hata kidogo. Nilimchukua kwa sababu jina lake lilikuwa tamu mdomoni. Husemwa wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini nyasi angalau huwa ziko pale pale tembo wanapopigania. Mimi nilizifuata kwao nikazileta.

Basi mbele yangu amekaa babake, yule katekista. Harusini niliona wazee wengi, na ingawa nililala kwake usiku mmoja, sura yake sikuwa nimeishika. Alinieleza bila kupandisha sauti. Posa ya Filomena ilikuwa imeshapokelewa kutoka kwa watu wa Gilgil, na wajomba wa kijana waliposikia wimbo redioni wakasema lisemwalo lipo, wakarudi zao. Filomena alikuwa akifundisha chekechea pale kanisani. Asubuhi moja alipoingia darasani watoto walimpokea kwa wimbo wangu, watoto wa miaka minne, wakipiga makofi, wakidhani wanamfurahisha mwalimu. Hakurudi tena kufundisha.

"Mzee, hilo ni jina tu," nikasema. "Akina Filomena ni wengi."

"Wa Subukia ni wangapi?"

Nikamwambia haiwezekani kufuta, santuri zimeshasambaa hadi Kisumu. Na hapo, Mungu anisamehe, nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa. Aliigeuza santuri mikononi, akaitazama mistari yake kwa karibu. Nilikuja kujua baadaye kwamba nyumbani kwake hakukuwa na mashine ya kuichezea.

"Ulijua njia ya kumwingiza," akasema, "na ya kumtoa hujui? Sasa wewe ni fundi ya aina gani?"

Akaiacha mezani, akaondoka bila kugusa maji niliyomwekea.

Mwanangu, hapo ndipo ningepaswa kuinuka nimfuate hadi Subukia, nikasimame mbele ya yule binti. Sikwenda. Nilijiambia kuteleza si kuanguka. Nikafanya jambo ambalo ni mtunzi tu anayeweza kulifanya: nikatunga wimbo mwingine, wa kumsafisha. Nikasema humo kwamba Filomena wa Subukia ni mwema, hana hatia, aliyekosa ni mtunzi. Zakayo aliurekodi shingo upande. Na unajua watu walisema nini? "Kumbe huyo Filomena yuko kweli!" Waliodhani ni hadithi sasa wakawa na hakika, na vijana wakaanza kuulizana nyumba yake ni ipi. Nilikuwa nimemwaga maji, nikadhani nitayakausha kwa kumwaga mengine.

Nilikwenda kwake baada ya miaka mingi, bendi ikiwa imeshavunjika na babake ameshazikwa. Nilimkuta akikama ng'ombe. Hakuwahi kuolewa. Nilijitambulisha, nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima, lakini hakuniacha nimalize.

"Nilikunawisha mikono hapa hapa," akasema. "Kwani nilikumwagia maji moto? Nilikufanyia nini?"

Mimi, mtu wa maneno, nikatazama ndoo ya maziwa. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, ingawa tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Akaendelea kukama, nami nikaenda zangu.

Filomena tumemzika mwaka huu. Nilikaa kwenye viti vya nyuma chini ya hema, kofia magotini. Wimbo ule siku hizi umefufuka kwenye simu. Vijana wanaucheza na kujirekodi, wala hawajui ulitoka wapi. Padri aliposoma jina la marehemu, wasichana wawili waliokaa karibu nami wakatazamana.

"Ai, si ni kama ile ngoma!" mmoja akanong'ona.

Mwenzake akaanza kuuimba chini chini, umekula umeshiba, hadi wote wawili wakaziba midomo kwa kicheko. Jeneza lilikuwa pale mbele.

Sikuwakemea. Ili niwanyamazishe ingebidi niseme wimbo ni wa nani, na mimi, mzee mzima, niliogopa. Nilimkosea akiwa msichana, nikamkosea akiwa mtu mzima, nikamkosea akiwa ndani ya sanduku. Naona aibu, mwanangu, na sitaki unifariji. Majuto ni mjukuu, walisema. Wangu nao wameshazaa.

Basi sikiliza. Kabla hujalitia jina la mtu kwenye wimbo, au kwenye hiyo simu yako, nenda ukakae mbele yake umsomee ulichoandika, huku unamtazama machoni. Ukishindwa kumsomea, kichane. Usimchukue mtu kwa sababu anafaa kwenye kazi yako. Ana wazazi, ana maisha yake mbele. Na ukishamkosea, usitume wimbo, usitume salamu, wala usingoje upate maneno mazuri. Nenda siku hiyo hiyo kwa miguu yako, hata kama huna la kusema, ukae ufokewe. Na ukiusikia uongo wako unaimbwa na wengine, simama useme ni wako, hata kama ni matangani.

Mungu akupe kipaji, kisha akupe woga wa kukitumia. Akulinde na ulimi wako kabla ya kukulinda na maadui. Na siku padri atakapolisoma jina lako, nawe huwezi tena kujitetea, watakaokaa viti vya nyuma wakose la kuimba.