Milamula Minne

Kwenye ule mkutano, aliyepiga kelele kuliko wote nilikuwa mimi. Nalisema hilo mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ndiko ninakokujua.

Senta yetu, huku upande wa Kimuli, ilijengeka hovyo. Nyumba katikati ya migomba, duka nyuma ya duka, na mgonjwa tukimbeba begani hadi barabara kubwa. Tukachoka. Tukaamua kuipanga wenyewe: barabara zipite wapi, soko likae wapi, wapi pabaki kwa ajili ya zahanati. Mpimaji angekuja na mashine yake baadaye, kwanza tuelewane sisi. Tukakubaliana kwamba barabara zitafuata mipaka ya vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba, na kila jirani atatoa hatua tano upande wake, bure. Nikasimama, mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati, nikafoka: "Jamani, tunaitaka senta au tunataka kufa na migomba yetu?" Wakanipigia makofi. Nikajiona mtu kweli kweli.

Nilipofika nyumbani nikapima kutoka mpakani. Hatua ya nne ilinifikisha kwenye msingi wa fremu mbili za duka nilizoanza kujenga kwa kiinua mgongo changu. Nikapima tena kwa hatua fupi fupi, kama mjinga. Msingi haukusogea.

Ng'ambo ya mpaka anakaa mama mjane, rika la marehemu mama yangu, na wajukuu zake watatu. Jiko lake liko hatua sita kutoka mpakani. Ubavuni mwa jiko ndiko kuna migomba yake minene kuliko yote, ile inayokula majivu na maganda, na ndiyo inayowalisha. Barabara ingepita bila kugusa jiko wala migomba hiyo.

Wiki ile alikuwa Muleba, binti yake amejifungua. Mvua zilikuwa zimeanza. Mpaka wetu una milamula minne, na mlamula kila mtu huku anaujua: ndio mmea wa mpaka, ukichomeka kijiti tu kinaota, na haung'olewi na mwenye akili zake. Mimi niling'oa. Mchana kweupe, na jembe langu, nikaichomeka upya hatua mbili ndani ya kibanja chake. Hatua mbili tu! Nilijiambia hivyo huku nikishindilia udongo kwa kisigino. Nikafukia mashimo, nikatandaza majani makavu juu yake.

Aliporudi baada ya wiki kadhaa, milamula ilikuwa imeshatoa majani mapya. Nilimwona amesimama pale, mkono kiunoni. Nikamwendea kabla hajaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi mpaka ulikuwa hapa?"

"Ndipo ulipo siku zote, mama."

Akacheka. "Basi ni uzee. Macho haya yamekwisha."

Ningesema wakati ule. Kulikuwa na yeye na mimi tu, na kuku wake. Badala yake nikamuuliza habari za mtoto mchanga.

Siku ya kupima, kamati nzima ilikuwepo. Mpimaji akamuuliza mama kama mpaka anaukubali. Akaniangalia, akasema, "Muulize mwalimu. Atakachosema yeye, mimi nimekubali." Wote wakanigeukia. Nikaonyesha milamula kwa kidole. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonikera hadi leo.

Barabara ikapita juu ya jiko na ile migomba. Alivunja jiko lake mwenyewe, akitoa mti mmoja mmoja, na wajumbe wakamsifu kwa moyo wake. Na mimi nikamsifu! Nikamkaribisha apike kwenye baraza langu mpaka ajenge jiko jingine, na akanishukuru kila siku alipokuja na sufuria yake. Siku hizi ananunua ndizi sokoni, soko lile lile tulilolipanga.

Barabara ni nzuri, sitaki kusema uongo. Juzijuzi mke wa jirani wa juu alishikwa na uchungu, gari likamfuata hadi mlangoni. Watu wanasema kamati yetu ilifanya kazi. Fremu zangu zina wapangaji, mmoja fundi cherehani, mwingine anauza dawa za kahawa.

Mwezi uliopita mama aliniita niende kwake. Alikuwa ameandaa vijiti vya mlamula, amevifunga kwa kamba ya mgomba. Alitaka kupanda mpaka mpya kando ya barabara.

"Nipandie wewe," akasema. "Una mkono mzuri. Ile minne uliyopanda nilipokuwa Muleba ilishika upesi."

Alisema vile vile anavyonisalimia, bila hasira. Akaninyooshea jembe, akakaa kwenye kigoda kunitazama. Nikapanda kijiti cha kwanza, nikamwangalia.

"Hapo hapo," akasema. "Usisogeze."