Mwano wa Msumbiji

Juzi harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga ilinirudisha alasiri ile mpigania uhuru kutoka Msumbiji alipofikia kwetu. Alikuwa mwembamba, ananukia sabuni na vumbi. Bibi alimwandalia michembe.

Mimi siku hizo nilijua watu hupigania ng'ombe tu. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikauliza, “Wezi walichukua ng'ombe wangapi?”

Bibi alinikodolea macho. Mgeni hakucheka. “Walichukua mpaka malisho, mwanangu.”

Nikakimbia zizini, nikapiga mwano, ule ukelele wa kuita watu wafuate wezi. Wanaume waliacha pamba shambani, wakaja na mikuki na mbwa.

Baba aliwaomba radhi mmoja mmoja. Mgeni alitoka mlangoni, akawatazama wote, akatabasamu.

“Hata sisi tulianza hivihivi.”